Sura ya 5: Kocha Amekubali, Chuo Kimekataa

“Kocha mwenyewe amempigia mwanangu simu, amemwambia aje. Sasa chuo kinakataa nini?”

Swali hili nalisikia sana katika Bandari ya Bujumbura, na wanaoliuliza ni watu wazima wenye akili zao: karani wa ghala, wakala wa forodha, baba aliyepakua mifuko ya saruji miaka nenda rudi ili mtoto asome. Watoto wao wanacheza basketi kila jioni. Wengine wameshaonwa na klabu za hapa, Urunani, Muzinga, New Star au Dynamo, ile iliyofika Ligi ya Kikapu ya Afrika mwaka 2024. Video zinatumwa kwa simu, na siku moja jibu linakuja kutoka mbali. Nyumba nzima inashangilia, majirani wanapewa habari. Miezi inapita, kisha inafika barua yenye mistari mitatu: samahani, hatukuweza kukupokea.

Wanaopata barua hiyo si wale tu wanaotoka shule ya sekondari. Wapo ambao tayari wako chuoni, Kampala au Marekani, wanataka kuhamia chuo kingine chenye timu bora zaidi au kocha atakayewapa dakika nyingi uwanjani. Hao mlango wa pili huwagomea kuliko ule wa kwanza. Sura hii inawahusu wote, ila nitakaa zaidi na huyo anayehama, kwa sababu wazazi wengi hawajaambiwa kabisa mambo yake.

Watu wa bandari wana sababu ya kuelewa haraka kuliko wengine. Kontena linatoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, linavuka Ziwa Tanganyika, linashushwa Bujumbura. Bidhaa ndani yake inaweza kuwa safi kabisa, lakini kama hati inasema tani 18 na mizani inasema 20, halitoki. Hakuna anayemlaumu mwenye duka aliyeagiza. Mwenye duka anaitaka bidhaa hata leo, lakini si yeye anayegonga muhuri wa kutoa mzigo. Kocha ndiye mwenye duka.

Nani mwenye sauti?

Udahili ni kazi ya chuo kumkubali mtu awe mwanafunzi wake. Ofisi ya udahili inasoma matokeo ya mwombaji, vyeti vyake na lugha anayoimudu, halafu inaamua. Kocha hayumo katika ofisi hiyo. Anaweza kumwombea mchezaji, anaweza kuandika barua, anaweza kuahidi ufadhili, yaani kulipiwa karo, malazi na chakula. Lakini ufadhili huo unaanza kufanya kazi pale tu kijana anapokuwa mwanafunzi. Kabla ya hapo ni ahadi ya mtu asiye na funguo.

Asidhani mtu kwamba mambo haya yanawapata wanyonge peke yao. Caleb Love alikuwa nyota wa North Carolina, timu iliyofika fainali ya ubingwa wa vyuo Marekani mwaka 2022. Mwaka 2023 alitangaza kuwa anahamia Michigan. Kocha wa Michigan wakati huo alikuwa Juwan Howard, mtu aliyecheza na kusoma katika chuo hichohicho, anayejulikana na kila bawabu. Wiki chache baadaye mpango ukavunjika, na habari za wakati huo zilieleza kuwa kikwazo kilikuwa udahili na hesabu ya masomo yake. Love akaenda Arizona, na msimu uliofuata akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yao, Pac-12. Ubora wake uwanjani hakuna aliyeutilia shaka. Kocha alimtaka, mashabiki walimtaka, na bado hakuingia.

Kwa Marekani, anayetaka kucheza katika Daraja la Kwanza la vyuo anapita mikononi mwa wakaguzi watatu, na kila mmoja ana daftari lake. Wa kwanza ni ofisi ya udahili ya chuo, inayouliza kama huyu anaweza kusoma kwao. Wa pili ni NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya nchi hiyo, kinachouliza kama anastahili kucheza. Wa tatu ni ubalozi, unaouliza kama anaweza kuingia nchini. Kupita kwa mmoja hakumlazimishi mwingine. Kijana anaweza kudahiliwa na asiruhusiwe kucheza. Anaweza pia kuruhusiwa na wote wawili na akanyimwa viza.

Hesabu inayowaangusha wengi

Tukae kidogo kwenye krediti, maana hapa ndipo wahamaji wengi wanapokwama.

Krediti ni kipimo cha kazi ya somo: saa za darasani pamoja na kazi ya kujisomea. Kila somo lina krediti zake. Ukifaulu, unazijumlisha, na zikifika idadi iliyowekwa unapata shahada. Ugumu ni kwamba kila nchi inahesabu kivyake. Vyuo vikuu vya Burundi, tangu vilipoanza kufuata mfumo wa BMD (shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu) mwaka 2011, vinahesabu krediti 60 kwa mwaka, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina krediti 180. Tanzania inahesabu 120 kwa mwaka, na shahada ya miaka mitatu ina 360. Marekani shahada ya kwanza huchukua miaka minne na kwa kawaida ina krediti 120, yaani 30 kwa mwaka.

Sasa chukua karatasi iliyoandikwa krediti 60. Bujumbura huo ni mwaka mmoja wa masomo. Dar es Salaam ni nusu mwaka. Marekani ni miaka miwili. Nimeona furaha ya mzazi aliyeamini mwanawe amefika nusu ya safari kwa sababu tarakimu zinasema hivyo, na ilikuwa kazi ngumu kumweleza kuwa chuo cha ng'ambo kitazibadili krediti zile kwanza, kisha ndipo kianze kuchagua kitakazozipokea.

Hata anayehama ndani ya nchi moja hukutana na uchaguzi huo. Tuseme kijana wetu amesoma biashara miaka miwili katika chuo kimoja cha Marekani, ana krediti 60 kamili. Chuo kipya kinamtaka. Ofisi inapitia somo moja moja. Hisabati ya biashara, krediti 3: sawa. Uandishi wa Kiingereza: sawa. Misingi ya ukocha: kwetu somo hilo halimo katika shahada ya biashara, tunaliandika kama la ziada. Masomo mawili aliyopata D: alama hiyo hatuihamishi. Wakimaliza kujumlisha, zile 60 zimebaki 42.

Je, 42 si nyingi? Zingetosha kama angekuwa mwanafunzi wa kawaida. Angeongeza muhula mmoja na maisha yakaendelea. Lakini yeye ni mchezaji, na NCAA ina kanuni ya kusonga mbele kimasomo. Anayeanza mwaka wa tatu awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake. Anayeanza wa nne, asilimia 60. Anayeanza wa tano, asilimia 80. Asilimia 40 ya krediti 120 ni 48. Kijana wetu ana 42. Amepungukiwa na 6, yaani masomo mawili, na kwa masomo hayo mawili anaweza kukaa benchi akiwa amevaa suti huku wenzake wakicheza.

Kwa anayehama akiwa amebakiza mwaka mmoja hali ni nzito zaidi. Kuna vyuo visivyotoa shahada yao mpaka nusu ya krediti iwe imepatikana kwao. Ukija na 95, wanahesabu 60. Mchezaji aliyekuwa karibu kuvaa joho anarudishwa nyuma zaidi ya mwaka mzima, na asilimia zake kwenye daftari la NCAA zinaanguka papo hapo. Vyuo vyenye msimamo mkali wa namna hii mara nyingi ni vilevile ambavyo wazazi wanavitamani kwa jina.

Dawa zipo. Mchezaji anaweza kusoma masomo ya likizo ya kiangazi ili kuziba pengo. Anaweza pia kubadili shahada na kuchukua ile inayopokea masomo yake mengi zaidi. Dawa hii ya pili ndiyo inayoniuma moyo. Kijana alikuwa anasoma uhandisi, anahama, uhandisi unapokea krediti 30 zake, lakini shahada nyingine isiyohitaji masomo ya ngazi kwa ngazi inapokea 54. Anaambiwa achukue hiyo, msimu unakaribia. Anaichukua. Miaka miwili baadaye goti limemaliza safari ya mpira, naye ana shahada ambayo hakuichagua. Mzazi aliyeko Buyenzi au Kinama, hapa Bujumbura, hajui kuwa uamuzi huo ulifanyika, kwa sababu ulifanyika katika ofisi, kwa dakika chache, na hakuna aliyempigia simu.

*Kwa ufupi: usiulize mtoto ana krediti ngapi. Uliza ngapi zitapokelewa, na katika shahada gani.*

Mtoto wa Lubumbashi aliyehama na kufika

Zamani kuhama kulikuwa na adhabu. Mchezaji wa kikapu aliyebadili chuo katika Daraja la Kwanza alilazimika kukaa msimu mzima bila kucheza, isipokuwa apewe msamaha. Mwaka 2018 NCAA ilianzisha kile kinachoitwa lango la uhamisho, orodha ya kompyuta ambamo jina la mchezaji anayetaka kuhama linaingizwa ili makocha wa vyuo vingine waruhusiwe kuzungumza naye. Aprili 2021 wakaruhusu kila mchezaji kuhama mara moja bila kukaa. Aprili 2024, baada ya kubanwa na mahakama, wakaondoa kikomo cha mara ngapi, kwa sharti kwamba masomo ya mchezaji yawe sawa. Siku hizi wachezaji wanaume wa kikapu zaidi ya 2,000 wa Daraja la Kwanza huingia katika lango hilo kwa mwaka. Tazama basi kilichobaki kama kizuizi: adhabu ya michezo imeondoka, sharti la masomo limebaki peke yake.

Aliyepita katika mabadiliko hayo, na anayetuhusu sana sisi wa maziwa haya, ni Oscar Tshiebwe. Amezaliwa Lubumbashi mwaka 1999, anazungumza Kiswahili na Kifaransa. Alikwenda Marekani akiwa kijana wa sekondari, akasoma Virginia na Pennsylvania, ndipo akaingia Chuo Kikuu cha West Virginia mwaka 2019. Msimu wa pili alicheza mechi 10 tu, akaondoka. Januari 2021 alikuwa Chuo Kikuu cha Kentucky.

Wengi hukumbuka kilichofuata: msimu wa 2021/22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, akatajwa mchezaji bora wa vyuo wa taifa zima. Mimi navutiwa na ile Januari. Aliondoka katikati ya mwaka wa masomo, akaandikishwa muhula mpya ulipokuwa unaanza, akafanya mazoezi na timu na kuingia darasani miezi kadhaa bila kucheza mechi hata moja. Kwa shabiki hiyo ilikuwa miezi iliyopotea. Kwa mtu anayetoka katika mfumo wa shule wa Kongo, anayesoma kwa lugha aliyojifunza ukubwani, muhula wa kusoma bila safari za mechi ni hazina. Nawashauri vijana wasiukimbie muhula wa namna hiyo wakiupata.

Tshiebwe alifundisha na jambo la pili, bila kukusudia. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya biashara. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, ambayo inabana sana kazi za malipo ndani ya Marekani. Mchezaji bora wa taifa zima akawa anawatazama wenzake wa akiba wakisaini mikataba ambayo yeye hakuweza kuigusa vivyo hivyo. Timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022, nje ya mipaka ya Marekani, ndipo alipoweza kufanya baadhi ya kazi hizo. Kwa hiyo wakala anapomwambia mzazi wa Bujumbura kuwa chuo kipya “kina pesa nyingi”, swali la kwanza liwe: pesa hizo mwenye F-1 anazipokeaje?

Anayeanzia shule ya Bujumbura

Turudi kwa yule ambaye bado ana sare ya shule. Kabla ya kufikiria kuhama lazima aingie, na makosa ya mwanzo humfuata hadi mwisho.

NCAA inataka masomo 16 ya msingi: lugha, hisabati, sayansi, jamii na mengine ya aina hiyo, yakiwa na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4. Sharti la mitihani ya kuingilia chuo ya SAT na ACT liliondolewa mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuendelea kuidai. Masomo hayo 16 huhesabiwa kuanzia mwaka wa tisa wa shule. Kwa Burundi, ambako shule ya msingi ni miaka tisa na baada yake ni miaka mitatu, mwaka wa tisa ni ule wa mwisho wa msingi. Ni mwaka ambao mzazi haweki hata ripoti zake. Anaweka diploma ya taifa, ile inayopatikana baada ya Mtihani wa Taifa, na ripoti za kati zinaliwa na panya.

Halafu kuna kurudia darasa. Kwetu ni jambo la kawaida: mtoto alishindwa, au alifaulu na mzazi akaona arudie ili apate alama nzuri zaidi. Kwa NCAA saa haisimami. Kanuni imekuwa kwamba anayeendelea kucheza mashindano ya klabu zaidi ya mwaka mmoja baada ya muda aliotarajiwa kumaliza sekondari, kabla ya kuingia chuo, anakatwa misimu yake. Kijana mwenye miaka 21 anayeng'ara katika ligi ya Bujumbura huku anasubiri “nafasi nzuri zaidi” anaila nafasi hiyohiyo anayoisubiri.

Makaratasi anayopaswa kuwa nayo si mengi, ila kila moja lina masharti yake:

- ripoti za kila mwaka kuanzia mwaka wa tisa, zenye muhuri wa shule;
- diploma ya taifa na matokeo ya Mtihani wa Taifa;
- nakala za Kifaransa kama zilivyotolewa, pamoja na tafsiri rasmi ya Kiingereza, mstari kwa mstari, maana tafsiri bila nakala ya asili haipokelewi;
- cheti cha mtihani wa Kiingereza ambacho chuo husika kinakikubali;
- pasipoti yenye jina lilelile lililo kwenye diploma, herufi kwa herufi.

Hilo la mwisho lisidharauliwe. Majina ya Kirundi yanaandikwa shuleni kwa namna moja na ofisini kwa namna nyingine, na jina la ubatizo mara linatangulia, mara linafuata. Mkaguzi aliye mbali hajui kama ni mtu mmoja au wawili.

Lugha ya Kifaransa si kosa, na anayetaka ushahidi amkumbuke mchezaji wa kikapu Dikembe Mutombo. Alitoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, akiwa na ufadhili wa serikali ya Marekani, nia yake kuwa daktari. Alijua lugha nyingi, lakini Kiingereza kilikuwa karibu hakuna. Mwaka wake wa kwanza hakuichezea timu ya chuo, alijifunza lugha. Mwaka 1991 alihitimu katika isimu na diplomasia, na baadaye akajenga hospitali Kinshasa. Alipofariki Septemba 2024 dunia nzima ya kikapu ilimlilia. Mwaka ule wa kimya wa Georgetown ulimpa msingi wa yote.

Viza: ukaguzi ambao haupimi alama

Hapa sina budi kusema mambo yalivyo. Tangazo la Rais wa Marekani la Juni 4, 2025, lililoanza kutumika Juni 9, liliiweka Burundi katika nchi ambazo raia wake wamesitishiwa viza kadhaa, zikiwemo zile za wanafunzi za F, M na J. Kijana mwenye masomo yake 16, wastani wa 3.5 na kocha anayemsubiri anaweza kusimamishwa na rangi ya pasipoti yake tu. Nimekaa na wazazi wenye hali hiyo. Sina neno la kuwafariji zaidi ya kuwaambia kuwa mtoto wao hakukosea popote.

Aliyeko huko tayari naye hayuko salama kabisa. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, alipitia shule ya kikapu ya NBA iliyoko Saly, Senegal, akafika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Aprili 5, 2025, siku ambayo Duke ilicheza nusu fainali ya taifa, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Kijana wa miaka 18 aliingia uwanjani jioni ile huku taifa zima likijiuliza kama ataruhusiwa kubaki.

Kwa mwenye F-1 anayewaza kuhama, jambo hili linamaanisha tahadhari. Kumbukumbu zake za uhamiaji zinahamishwa kutoka chuo cha zamani kwenda kipya, na chuo kipya kinamtolea fomu mpya iitwayo I-20. Lazima awe na mzigo kamili wa masomo, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula. Akiacha darasa katikati ya muhula kwa hasira za benchi, anayeumia kwanza si kocha. Na mwenye pasipoti ya Burundi asiondoke Marekani kwenda likizo kabla ya kuuliza chuo chake kama ataweza kurudi.

Majirani nako kuna milango

Kwa hiyo macho mengi sasa yanageukia Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na nadhani yangegeuka mapema zaidi. Uganda ina timu za vyuo zinazocheza ligi ya taifa pamoja na klabu kubwa: UCU Canons ya Mukono, KIU Titans, Ndejje. Kenya kuna Strathmore Blades, Dar kuna Outsiders ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mchezaji anasoma, anacheza na watu wazima, na anaweza kurudi nyumbani kwa basi au meli.

Lakini hata huku kocha hana funguo. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza kuwa jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu, ambamo mwanafunzi na krediti zake wangevuka mipaka bila shida. Azimio ni zuri, nami naliamini. Utekelezaji wake unakwenda polepole mno, na wanaolipia ucheleweshaji huo ni vijana wenye umri wa kucheza, ambao mwaka mmoja kwao ni sehemu kubwa ya maisha yao ya mpira.

Mfano mmoja. Uganda mtoto husoma miaka 13 kabla ya chuo kikuu: saba, minne, miwili. Burundi ni 12. Ofisi ya Kampala inaweza kusema diploma ya Burundi haijafika ngazi yao ya mwisho ya sekondari, na ikamtaka kijana asome kwanza cheti cha mwaka mmoja cha kuingilia chuo kikuu. Wakenya wa mfumo wa 8-4-4 walikutana na kikwazo hichohicho. Uganda anayelinganisha vyeti vya sekondari vya nje ni baraza la mitihani, UNEB, na vya chuo kikuu ni baraza la elimu ya juu, NCHE. Tanzania kazi hiyo inagawanywa kati ya baraza la mitihani, NECTA, na tume ya vyuo vikuu, TCU. Anayehama kutoka chuo cha Bujumbura baada ya mwaka mmoja anahitaji pande zote mbili: sekondari yake ipimwe, na zile krediti 60 zipimwe. Wengi hupeleka moja tu, kisha wanashangaa msimu umeanza na barua haijaja.

Kigali ingekuwa karibu kuliko zote. Tangu Januari 2024 Burundi imefunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, na kijana anayetaka kwenda huko analazimika kuzunguka.

*Kwa ufupi: ulinganisho wa cheti uombwe siku matokeo yanapotoka. Usisubiri siku kocha anapopiga simu.*

Kabla ya kusaini chochote

Kocha akipiga simu, mzazi amsikilize kwa heshima, halafu aombe kuzungumza na mtu wa ofisi ya udahili na mtu wa ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za michezo. Vyuo vyenye timu kubwa vina watu hao wote wawili. Kocha wa kweli haudhiki kwa ombi hili, atatoa namba. Anayezungukazunguka amejibu tayari.

Kwa anayehama, mpangilio wa hatua una uzito kuliko kasi. Mchezaji akishaingiza jina lake katika lango la uhamisho, chuo alichopo kinaweza kumwondolea ufadhili muhula unapokwisha, hata kama chuo kipya bado hakijamdahili. Ndiyo maana karatasi ya masomo ishughulikiwe kwanza. Achukue orodha rasmi ya matokeo yake na maelezo ya kila somo: mada zake, saa zake, vitabu vilivyosomwa. Mwalimu hutoa maelezo hayo kwa urahisi mwanafunzi akiwa bado darasani kwake. Mwaka mmoja baadaye barua pepe hazijibiwi. Jina likishaingia kwenye lango na chuo kikajitokeza, aombe tathmini kwa maandishi kabla ya kusaini: krediti ngapi zimepokelewa, ngapi kati ya hizo zinaingia katika shahada aliyoichagua yeye, na asilimia gani ya shahada hiyo itakuwa imekamilika siku ya kwanza ya muhula. Kama asilimia hiyo iko chini ya 40, 60 au 80 inayomhusu, barua ionyeshe pia ni masomo gani ya kiangazi yataziba pengo, yanafundishwa lini, na nani anayalipia.